Mtoto wa Nyuma ya Pazia

Kuna watu huogopa nyoka, na kuna wanaoogopa radi, na radi za Kitale si mchezo. Mimi naogopa utepe. Ni utepe mwembamba wa karatasi ngumu, una rangi tatu. Unamzungushia mtoto mkononi, katikati ya bega na kiwiko, unavuta hadi ukae, unasoma. Kijani, mtoto yuko sawa. Manjano, amepungua, aangaliwe. Nyekundu, hospitali leo leo, usingoje kesho. Ni kazi ya nusu dakika. Nimewafanyia watoto wa watu hadi vidole vyangu vinajua njia vyenyewe.

Wangu sikumpima miezi minane. Hiyo ndiyo habari yangu, na nitaisema yote, kwa sababu kusema nusu ndiko kulikoniponza.

Kwanza niseme kazi yenyewe. Mjini Kitale wanawake wengi hutoka asubuhi kwenda kuuza mboga, kufua kwa watu, kupalilia mashamba ya wenye nayo. Watoto wadogo huachwa kwa mama fulani mtaani, chumba kimoja au viwili, mikeka chini, watoto kumi au zaidi. Sisi huita mahali hapo bebikea. Serikali ya kaunti ilikuwa haijui ziko ngapi wala ndani mna nini. Ndipo ukaja mradi, tukaajiriwa watu wachache, kila mmoja akapewa simu kubwa ya kazi na utepe. Kila mwezi unapita nyumba zako, unaandika: watoto wangapi, umri, chanjo, choo kiko wapi, jiko la makaa linawashwa ndani au nje. Halafu unapima mikono. Yote huingia kwenye orodha, na kwa orodha hiyo wahudumu wa afya huja na matone ya vitamini na dawa ya minyoo, mtoto mmoja mmoja kwa jina lake. Zamani walikuwa wanabahatisha tu. Mimi nilipewa nyumba kumi na nne.

Sasa, kwetu Bungoma mtoto hahesabiwi. Muulize mama yeyote wa kule ana watoto wangapi, atakwambia, "Si ni hawa unaona," au, "Wako tu." Huwezi kumnyooshea mtoto kidole ukataja nambari, ni kama umemwonyesha mauti mahali pa kuchagua. Nimesoma, nina diploma yangu, na mambo haya nimeyacheka mbele za watu mara nyingi. Lakini nilikuwa na mtoto wa kwanza kabla ya huyu. Alikuwa amepita mwaka mmoja kidogo tulipokwenda harusi ya binamu yangu. Shangazi mmoja aliwapanga wajukuu wa ukoo mstari wapigwe picha, akaanza kuwahesabu kwa sauti, kwa kidole, hadi akamfikia wangu. "Kumi na tisa," akasema, akambonyeza paji la uso, watu wakacheka. Kabla ya mwezi kuisha tulikuwa tumemzika.

Ilikuwa malaria. Karatasi ilisema malaria, na nilimwona daktari akihangaika naye kwa macho yangu. Najua, msinifundishe. Ila kichwa kinajua mambo yake na tumbo lina yake. Tangu siku ile, nikisikia mtu anahesabu watoto kwa sauti, tumbo hunikaza hadi natafuta pa kukaa. Na mtu kama huyo ndiye aliyepewa kazi ya kuhesabu watoto. Niliikubali kwa sababu nilikuwa na huyu wa pili, msichana, na baba yake yuko mbali akifanya vibarua.

Msichana wangu nilimwacha kwa mama mmoja mzee anayekaa karibu na msikiti. Sisi sote tulimwita Nyanya, wazazi kwa watoto. Nyumba yake ilikuwa mojawapo ya zile kumi na nne. Siku ya kwanza nilipoingia pale kikazi, nikiwa na simu mkononi, nilimuuliza kama nilivyofundishwa.

"Nyanya, wako wangapi?"

"Mashallah, wako."

"Simu inataka nambari."

Akaiangalia ile simu muda mrefu. "Nani huisoma?"

"Watu wa ofisini."

"Watu siwajui." Akavuta leso begani, akasogea karibu. "Sikia, mwanangu. Andika, sikukatazi, ni kazi yako. Lakini usimalize wote. Acha mmoja nje, jicho lisipate pa kushika. Tunaacha yupi?"

Angekuwa mama mwingine ningemwambia hapana, Nyanya, haifai. Nilifundishwa la kusema. Lakini kabla hajafunga mdomo mimi nilikuwa nimeshajibu.

"Acha wangu."

Akamchukua akamweka jikoni, nyuma ya pazia, akampa kijiko na sufuria achezee. Waliobaki nikawapima, wote kijani. Nikaandika kumi na moja. Walikuwa kumi na wawili. Nilitoka pale nimepumua vizuri, nikajiona mjanja sana, nimewapa ofisi yao na nimebaki na wangu.

Ikawa ndiyo desturi. Nikifika, Nyanya anamnyanyua, anamweka nyuma ya pazia. Na hata wahudumu wa afya walipokuja na matone yao, walikuja na orodha ya kumi na moja, Nyanya akawapa kumi na moja. Mama yule ni mwaminifu. Alichoambiwa ni siri, kwake kilikuwa siri.

Nyumba nyingine nazo nilizielewa. Unakaa kwenye stuli, mama wa bebikea anakutajia tisa, unapima tisa, halafu unasikia mtoto anakohoa chumba cha ndani. Unainua macho. Yeye anaongeza sauti ya redio. Ningemuuliza kwa mdomo gani? Niliandika tisa nikamuaga. Nilijiambia kila mtu ana mlango wake anaouacha wazi kidogo, si kazi yangu kuufunga.

Msimamizi wetu alikuwa kijana kutoka eneo la Kwanza, nje ya Kitale, wazazi wake wakulima, na kila kitu kwake kilikuwa mahindi. Mwezi wa nane wa kazi aliniita ofisini, akaniwekea ramani kwenye kompyuta, nyumba za wenzangu zikiwa na madoa ya manjano hapa na pale, nyekundu mbili tatu.

"Ona zako," akasema. "Kijani tupu. Shamba la mwezi wa sita hili. Unafanya nini tofauti?"

Nikacheka kicheko cha adabu. Nikasema ni bidii ya akina mama.

"Basi utaenda Bungoma. Wanaanza kule, wameajiri vijana. Uwafundishe kupima, siku mbili. Ukumbi uko upande wa Kibabii. Si ndio kwenu?"

Ndio kwetu. Nikafurahi, hata nikampigia mama yangu simu. Shida ilikuja siku ya kusafiri: Nyanya alikuwa amefiwa, akafunga bebikea aende matangani. Nikambeba mtoto, nikapanga mama aje amchukue pale ukumbini saa za chakula cha mchana. Sikuona ubaya wowote katika mpango huo.

Hapa niseme nilichokuwa nimekiona na nilichokataa kukiona. Kitale ni baridi, mtoto huvaa sweta mbili, mikono huioni. Kaptula zake zilikuwa zinateremka, nikaweka pini, nikasema ameanza kurefuka. Alikuwa anaharisha siku mbili, anapona siku tatu, nikasema ni meno. Jioni nilimpa chai na mkate kwa sababu uji aliukataa na mimi nilikuwa nimechoka, kutwa nzima nimepima watoto wa wengine. Utepe ulikuwa kwenye mkoba wangu, na mkoba ulining'inia kwenye msumari juu ya kitanda tulicholalia. Mara mbili nilinyoosha mkono kuuchukua. Mara mbili niliwaza, je, ukisema vibaya? Nikajifanya natafuta kitu kingine.

Ukumbini Bungoma kulikuwa na vijana kama thelathini kwenye viti vya plastiki. Bungoma kuna jua, si kama Kitale. Saa nne mtoto alikuwa anatokwa jasho, nikamvua sweta zote mbili, nikamkalisha mbele kwenye mkeka na kikombe chake. Nikaendelea kufundisha. Kitu nilichosema mara nyingi kuliko vyote siku ile ni hiki: utepe ukae kwenye ngozi, usikaze, usilegeze. Niliwachorea hata ubaoni.

Msichana mmoja wa safu ya mbele akainua mkono. Alikuwa mdogo, amesuka nywele kwa nyuzi za rangi, mtoto wa mjini kabisa. "Madam, si tufanye na mtoto mwenyewe? Mkono wa chupa hausaidii bana." Kwa maana tulikuwa tunajifunza kwa chupa za maji.

"Baadaye," nikasema. "Watakuja watoto wa bebikea ya hapa."

"Lakini huyu yuko hapa."

Na alikuwa ameshapiga magoti. Kwa nini sikumzuia? Nimejiuliza sana. Nafikiri ni kwa sababu watu thelathini walikuwa wanatazama, na ningemzuia kwa sababu gani ya kusemeka? Aliuzungusha vizuri. Alitafuta katikati ya bega na kiwiko kama nilivyomfundisha, akavuta polepole, akainama kusoma. Mtoto wangu alimtazama yule dada kwa macho yake makubwa, na wakati huo ndipo nilipouona mkono wake ukiwa wazi, mchana, mbele za watu, na nikaujua. Nilikuwa nimeshaona mikono kama ule. Haikuhitaji utepe.

"Madam," yule msichana akasema. "Hii ni manjano. Inakaribia sana nyekundu." Akaniangalia. "Ama nimeshika vibaya?"

Alinifungulia mlango yeye mwenyewe, bila kujua. Nikapita.

"Umekaza," nikasema. "Legeza."

Akalegeza. Bado manjano.

"Legeza kidogo tena. Utaona inakaa yenyewe."

Akalegeza tena, hadi ungeweza kupitisha kidole kati ya utepe na ngozi. Ikasoma kijani. Vijana wakapiga makofi. Yeye hakupiga. Alikuwa ameushika ule utepe anautazama, kisha akamtazama mtoto, kisha akarudi kitini. Na nikawaona thelathini wote wakiandika kwenye madaftari yao: legeza kidogo. Nikaona kabisa. Nikaendelea na somo la chanjo.

Mama yangu alikuja saa saba. Ni mwanamke mkavu, hacheki ovyo, na maneno yake si mengi. Alimnyanyua mjukuu wake akampakata kwenye nyonga ya kushoto, akaenda zake. Kutoka ule ukumbi hadi kwake ni mwendo wa nusu saa, na sehemu kubwa ni mlima.

Jioni nilipofika nyumbani alikuwa anachambua mboga uani. Mtoto amelala kwenye mkeka. Nikasalimu, nikakaa, nikaanza kueleza habari za semina, jinsi walivyonisifu. Aliniacha niseme hadi nikaisha.

"Pasaka ulikuja naye," akasema. "Nikampokea barabarani nikambeba hadi hapa. Nilibadilisha mkono mara mbili."

"Ndio, mama."

"Leo nimetoka mbali zaidi. Sijabadilisha."

Akaendelea na mboga. Mimi nilianza kulia pale pale, si kilio cha sauti, machozi tu yanateremka na pua, na yeye hakuninyamazisha. Nikamwambia yote. Pazia, kumi na moja, utepe, ukumbini. Nikamwambia ni yeye aliyenifundisha kwamba mtoto hahesabiwi. Nilisema kwa hasira, nataka anisaidie kubeba lawama.

"Nilikwambia usimtaje kwa watu," akasema. "Nilikwambia usimjue? Mimi niliwazaa ninyi, nikazika wawili. Kila asubuhi kabla sijawasha moto nilikuwa napita mnapolala, naweka mkono kifuani, huyu, huyu, huyu. Sikutaja nambari. Lakini hakuna siku sikujua." Akainua bakuli. "Kesho mapema uende kliniki. Nitakuamsha."

Hakuniamsha. Sikulala.

Kliniki ilipofunguliwa tulikuwa wa pili kwenye foleni. Nesi alikuwa mtu mzima, ana haraka ya mtu mwenye foleni ndefu. Alimvua mtoto, akampima uzito, urefu, kisha akatoa utepe wake, nami nikageuka kutazama ukuta. "Manjano, pembeni kabisa," akasema, akaandika. Hakuulegeza.

"Umezaa wangapi?"

Nikafungua mdomo, nikafunga.

"Mama, wangapi?"

"Wawili."

"Walio hai?"

Nilisikia sauti ya shangazi yangu kwenye harusi. Nilimshika mtoto mguu. "Mmoja," nikasema, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitaja hesabu hiyo kwa sauti. Nesi aliandika tu. Dari ilibaki mahali pake.

"Dawa ya minyoo alipata lini? Matone?"

"Hajapata."

"Mnakaa wapi?"

"Kitale."

"Kitale si siku hizi kuna orodha? Nasikia wanapita hadi kwenye bebikea."

"Hupita."

"Sasa huyu walimruka vipi?"

"Hayuko kwenye orodha."

"Nani anaandika hiyo orodha?"

Ningeweza kusema ni watu wa kaunti. Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimevaa hata fulana ya mradi, maana nilipanga kwenda ukumbini moja kwa moja.

"Mimi," nikasema.

Akaweka kalamu chini. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Alinitazama tu, akasoma maneno ya kifuani mwa fulana yangu, akaichukua kalamu tena. Akanieleza polepole kama unavyomweleza mtu aliyefiwa. Minyoo, kuharisha, chakula cha chai. Akanipa dawa na pakiti za lishe ya karanga, akaniambia kila wiki nimrudishe kliniki apimwe, huko huko Kitale. Nikamuuliza, atapona?

"Umemleta anatembea," akasema. "Ungengoja zaidi ungemleta amebebwa. Siwezi kukuahidi. Mlishe, na uje."

Siwezi kukuahidi. Neno hilo nilitembea nalo hadi ukumbini.

Nilichelewa. Vijana walikuwa wamekaa, na msimamizi wangu alikuwa amefika kutoka Kitale kuona kazi yangu nzuri, amesimama nyuma kabisa na kikombe cha chai. Nikaenda mbele na mtoto mgongoni. Nikamfungua leso, nikamkalisha mezani, nikamvua sweta. Nikamwita yule msichana wa nyuzi za rangi.

"Mpime."

"Nilegeze?" akauliza. Aliuliza kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Hapana. Pima kama nilivyowachorea."

Akapima. Akasoma kwa sauti, manjano, karibu na nyekundu. Nikageukia wale wengine. Nikashika meza. Nikawaambia jana huyu dada alipima sawasawa, mimi ndiye niliyedanganya. Nikawaambia mtoto ni wangu. Wafute walichoandika. Wengine walifuta, wengine walikaa wameduwaa na kalamu hewani. Mmoja nyuma akasema, "Ati nini?" na jirani yake akamkanyaga mguu. Nikawaeleza habari ya pazia, na jinsi kila nyumba niliyoijua ilikuwa na redio ya kuongezwa sauti. Nikaona baadhi yao wanatazama chini. Wa huku huku, walijua ninachosema.

Kisha nikasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hadi nilipolisikia likinitoka. Nikasema mama akiambiwa aache mmoja nje ya hesabu, hamwachi yule mnene anayecheka. Anamficha yule anayemwogopea. Kwa hiyo wale tusiowapima ndio hasa tuliotumwa kuwatafuta.

Nyumba kumi na nne, kijani tupu. Nikamtazama msimamizi, na nikajua naye ameelewa, maana alikuwa amesahau kikombe mkononi kikimwaga chai kwenye kiatu.

Nje akanikaripia, tena vizuri. Miezi minane, akasema, na ripoti imeshapelekwa juu. Nikamwambia anifukuze. Akatembea hadi kwenye ua, akarudi.

"Nikikufukuza, nani ataniambia kuna mapazia mangapi?" akasema. "Rudi. Zote kumi na nne, upya. Kuanzia kesho."

Nilikuwa na hofu ya kufukuzwa. Sasa nikapata hofu nyingine kubwa zaidi, ya kwenda kuona.

Nilianza kwa Nyanya, aliporudi kutoka matangani. Aliniona naingia na mtoto na simu, akanyoosha mikono ampokee, ampeleke jikoni. "Leo tunaacha yupi?"

"Hatuachi, Nyanya."

Nikamwonyesha mkono. Aliushika kwa vidole viwili, akakaa chini pale pale mlangoni, akasema, "Mimi nilidhani namlinda." Nikamwambia hata mimi. Tulipima wote kumi na wawili, na kwa kila mmoja alisema bismillahi kabla sijavuta utepe, nami sikumharakisha. Hata mimi niliisema kimoyomoyo, Mkristo mzima. Wa kumi na wawili nilimwandika jina lake, umri wake, na kipimo cha mkono wake. Vidole vilikuwa vizito sana kwenye ile simu.

Nyumba ya pili ni nyuma ya soko. Mama wa pale ni mwanamke wa rika langu, mchangamfu, huniita dada. Alinitajia tisa. Nikapima tisa, wote kijani. Ndani mtoto akakohoa. Mkono wake ukaenda kwenye redio.

"Usiongeze," nikasema. "Tafadhali."

"Dada, wako tisa tu."

Sikubishana. Niliweka simu ya kazi chini, nikampakata msichana wangu, nikampandisha mkono wa sweta, nikamfunga utepe, nikamwachia yule mama asome mwenyewe. Anajua rangi, nilimfundisha mimi. "Huyu ndiye niliyekuwa namficha mimi," nikamwambia. "Kwa Nyanya, nyuma ya pazia. Tangu mwanzo."

Akazima redio. Halafu akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu hadi nikafikiri ametoka kwa mlango wa nyuma, akarudi na mtoto wa kiume wa miaka miwili hivi amemfunga kwa leso, kichwa kimemlalia begani.

"Wa dada yangu," akasema. "Kila ukija namwacha yeye. Ndiye dhaifu, nikasema huyu asionwe na mtu."

Nikamzungushia utepe. Nikamwomba yule mama anisaidie kumshika. Nikavuta hadi ukakaa kwenye ngozi, nikaacha hapo hapo, na ulikuwa umepita kijani, umepita manjano.

"Nyekundu," nikasema, kwa sauti, ili sote wawili tusikie. "Mwite jirani aje akae na hawa. Tunaenda leo leo."

Nikampa yule mama msichana wangu ambebe, mimi nikambeba wa kwake. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mji na kulikuwa na jua. Tulitembea, tukapita soko, tukapita stendi, tukapanda hadi geti. Sikubadilisha mkono.